Gari ya Samaki ya Mama Awuor na Ndoo Moja ya Rangi

Nyinyi vijana mnaosimamisha pikipiki hapa Kisian kuniuliza kama pesa kidogo inaweza kupaka gari rangi, kaeni chini kwanza. Mkisimama nitawajibu kwa kifupi, na jibu la kifupi ndilo limeharibu magari mengi mji huu. Inaweza. Lakini kuna mambo.

Mimi ni Tobias. Kuanzia gereji za Kibuye mpaka hapa waliniita Tobi Rangi. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo msitafute maneno makubwa kwangu. Nimepuliza rangi miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na sasa sipulizi. Sina uzee wa kustaafu. Nina kifua cha kustaafu. Nikipanda ngazi ya kanisa kinapiga filimbi mpaka watoto wa kwaya wanageuka. Watu husema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na gereji. Aliyekuwa na gereji ni Nashon Odera, na namtaja kwa jina kwa sababu yuko hai, amenona, na anakaa viti vya mbele kwenye kila harambee.

Tulimwomba Nashon maski za kuziba pua. Yeye kila jioni alituletea pakiti ya maziwa, moja kwa watu wawili, akatuambia maziwa huosha rangi kwa kifua. Tulikunywa. Tukafuta midomo tukasema asante bosi. Kijana, maziwa yanaenda tumboni, rangi inaenda kwa mapafu. Hizo ni nyumba mbili na hazina mlango katikati. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshakunywa maziwa ya ng'ombe wa Nyanza nzima. Tulikuwa wanne kwenye kile kibanda chake cha mabati. Nimebaki mimi.

Basi nunua maski kabla ya kununua rangi. Hilo ni la kwanza, na hata ukinyanyuka sasa hivi uende zako, umepata faida.

La pili nilifundishwa na Mzee Saidi, mtu wa Kaloleni, Mwislamu mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na tone la rangi. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alikuwa akishika bunduki ya kupuliza kama mtu anayemfunika mtoto blanketi, taratibu, mkono unatembea kabla hajabonyeza na unaendelea kutembea baada ya kuachilia. Mimi nilikuwa nasimama mahali pamoja namwaga.

"Tobias," aliniambia, "unapuliza au unapiga chafya?"

"Napuliza, Mzee."

"Basi mbona gari inajifuta pua?"

Na kweli rangi ilikuwa inateremka kwa mlango kama kamasi.

Alinifundisha kumwaga maji chini kabla ya kazi ili vumbi lilale. Alinifundisha kusikiliza: bunduki ikiwa sawa inasema "shhhh" kama mama anayebembeleza, ikianza kukohoa ujue rangi ni nzito au thina, ile dawa ya kuilainisha, haitoshi. Na alinifundisha kutazama ziwa. Wageni hawajui jambo hili. Kuna asubuhi unaona kitu kama moshi umesimama juu ya maji, na hakuna moto. Wale ni sam, wadudu wa ziwa, mamilioni, na upepo ukigeuka wanakuja mjini.

Siku moja tulikuwa na gari nyeupe ya arusi, tunaipulizia karibu na ufuo. Mzee Saidi akautazama ule moshi akasema, "Funika." Nashon akasema, "Endelea, mwenye gari anakuja." Mimi nikamsikiliza mwenye mshahara. Dakika chache baadaye gari ya bibi arusi ilikuwa imeota ndevu. Nikakimbilia kitambaa nianze kuwapangusa. Mzee Saidi akanishika mkono.

"Usimguse hata mmoja. Mdudu mbichi utampaka kwa gari kama siagi. Mwache akauke. Akikauka, msasa unamwondoa, unapitisha rangi nyembamba juu, hakuna atakayejua."

Bwana arusi alikuwa amekuja kuangalia. Alizunguka gari mara mbili akasema, "Hii sasa ni gari ama ni mkate wa simsim?"

Kwa hivyo, mdudu akiingia kwa rangi yako, weka mikono mfukoni. Vijana wengi hapo ndipo hushindwa.

Sasa pesa kidogo. Watu hudhani gharama iko kwa rangi. Gharama iko kwa mikono. Siku ya kupuliza ni asubuhi moja. Siku za kusugua ni wiki. Kwa hivyo kwanza, kama huna kitu, sugua mwenyewe. Chukua msasa, maji, na watu wa nyumbani kwako wanaokula bure, sugueni mpaka kiganja kipite bila kukwama. Funga macho ukipapasa, kwa sababu jicho hudanganywa na mng'ao na kiganja hakidanganywi. Pili, usiongeze rangi leo kopo moja na wiki ijayo kopo lingine. Changanya yote ndani ya ndoo moja kabla ya kuanza, la sivyo mlango utakuwa binamu ya bodi badala ya kuwa ndugu. Tatu, usiweke rangi ya hadina, ile inayotiwa dawa ya kuikaza, juu ya duko la zamani, ile rangi inayokauka kwa hewa tu, bila kulikwangua. Duko chini litachemka na gari itakunjamana kama uso wa nyanya yangu, Mungu amrehemu.

Na nne ni siri yangu mwenyewe: mabaki. Kila gari ikiisha kuna rangi inabaki kwa kopo, na mwenye gari haiulizii. Mimi nilikuwa naziweka. Rangi ya hadina isipochanganywa na hadina yake hukaa muda mrefu ukiifunga vizuri. Zikijaa, unazimimina pamoja ukizipima kwa jicho, unapata rangi ambayo haiko kwa kiwanda chochote. Tatizo lake ni moja tu. Ikiisha, imeisha. Hata wewe uliyeichanganya huwezi kuipata tena.

Hapo ndipo anaingia Mama Awuor, na hiyo ndiyo gari niliyotaka kuwaambia, kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyopuliza.

Mama Awuor ni mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa ananunua ngege na mbuta pale Luanda Kotieno asubuhi na kuleta Kisumu. Alikuwa hana gari. Alibebwa na Dan Omollo, ambaye tulimwita Dan Barafu kwa sababu aliuza barafu na alikuwa na pikapu mbili. Huyu naye namtaja. Dan alikuwa akikupenda leo anakubeba, kesho amekasirika anakuacha kwa jua na ndoo zako mpaka macho ya samaki yanageuka maziwa. Halafu anarudi mchana kununua wale samaki kwa bei ya kulia. Wanawake wote wa ufuo walimwogopa, na wote walimwamkia kwa tabasamu.

Mama Awuor alinyamaza miaka. Akanunua pikapu kuukuu isiyo na sehemu ya mizigo nyuma, akampelekea mchomelea vyuma mmoja, akamwambia amjengee sanduku la samaki. Yule fundi akakata milango ya friji mbovu, zile za zamani nzito, akaiunga kwa chuma cha mapipa. Sanduku likatoka zuri, linashika baridi kuliko gari za watu wakubwa. Lakini kwa macho! Upande mmoja friji nyeupe, upande mwingine friji ya rangi ya maini, katikati pipa lenye maandishi ya mafuta ya kula. Dan alipoiona alisema mbele ya watu, "Mama Awuor, hiyo ukiipeleka mjini askari wa kanjo wataichukua na takataka."

Basi akaja kwangu. Alikuwa amepata hoteli moja kule Milimani itakayonunua samaki wake moja kwa moja, kila siku ya kazi. Meneja alikuwa amemwambia atakagua gari Jumamosi, na gari inayofanana na jalala haitapita geti lake. Akipita, hatamhitaji Dan tena. Asipopita, Jumatatu anarudi kupanda nyuma ya Dan na tabasamu lake.

"Tobi," akasema, "nina pesa ya thina na praima. Ya rangi sina."

"Mikono unayo?"

"Mikono ninayo. Na dada zangu wana mikono."

"Basi nyinyi mtasugua. Rangi mimi ninayo."

Nikatoa mabaki yangu yote. Kijani cha basi dogo la kanisa, krimu ya gari ya daktari wa mifugo, nyeupe nyingi, na bluu kidogo ya gari ya maiti, ambayo sikumwambia. Nikachanganya kwa ndoo moja nikikoroga kwa mti. Ikatoka kijani kilichopauka, kama ganda la pera bichi. Mama Awuor akainama juu ya ile ndoo akaitazama.

"Inatosha gari nzima?"

"Inatosha mara moja. Mara ya pili haiko."

Daktari alikuwa ameshaniambia niache kazi. Nilijiambia hii moja, kisha basi.

Walisugua, yeye na dada zake wawili, na walisugua vizuri kuliko vijana wengi waliopita mikononi mwangu. Jumatano jioni chuma kilikuwa wazi pande zote, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka Maseno. Chuma wazi kikilala nje mvua ikinusa, asubuhi kina kutu. Sikuwa na mahali pa kuificha. Nikamwambia Mama Awuor, "Ipeleke kwako uikinge vizuri, isishike kutu usiku." Akaniambia, "Hilo niachie mimi."

Alhamisi asubuhi gari ikarudi inang'aa. Hakuna kutu hata chembe. Nikamsifu. Nikapitisha kitambaa na thina, nikapuliza praima, ile rangi ya chini. Praima ikaonyesha vitundu vichache, nikasema ni vumbi la barabara, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla upepo wa mchana. Nikatia hadina kwa nusu ya ndoo, nikaanza rangi.

Upande wa kwanza nilipofika katikati, nikaona rangi inafunguka. Nikisema kufunguka, mnielewe: inakimbia kutoka mahali, inaacha tundu la mviringo lenye chuma ndani, na ukingo umeinuka. Moja, tano, kisha kila mahali, kama mtu amemwaga njugu. Kuongeza rangi hakusaidii, nayo inakimbia. Nikazunguka nyuma, kulikuwa vilevile. Nusu ya ndoo ilikuwa imeenda.

Mama Awuor alikuwa amesimama pale. "Ni nini hiyo?"

"Ni mafuta. Kuna mafuta chini."

"Mafuta yametoka wapi?"

Mimi nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Thina yangu nilinunua asubuhi ile kwa Ojwang, mwenye duka la rangi pale chini, na Ojwang kila mtu anajua alikuwa anatia mafuta ya taa kwa thina. Nikaacha bunduki, nikashuka barabara kifua kikilia, nikamshika shati mbele ya wateja wake.

"Ojwang, leo umeniulia mtu!"

"Omera, niachilie shati. Nimefanya nini?"

"Thina yako ina mafuta ya taa!"

"Ya leo haina."

"Ya leo! Kwa hivyo ya jana inayo!"

Watu wakacheka. Ojwang akaona aibu, na mtu wa aibu ni mkali. Akabeba mtungi wake mwenyewe akanifuata mpaka kwa gari. "Leta gazeti," akasema. Jaribio lenyewe analijua kila fundi: unadondosha thina kwa karatasi, unangoja. Thina safi inaruka, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Ikiwa na mafuta, inaacha doa linalopitisha mwanga. Tukadondosha ile niliyonunua, iliyokuwa imebaki kwa kopo langu, tukangoja, watu wamezunguka. Doa likakauka, likafifia, likaisha. Gazeti likawa safi kabisa.

"Soma sasa," Ojwang akasema.

Jamani, katika maisha yote ya Ojwang siku hiyo moja aliuza thina safi, na ndiyo siku niliyomshika shati.

Mama Awuor wakati huo alikuwa ameokota kile kitambaa nilichopangusia gari kabla ya praima. Akakinusa. Akakinusa tena. Akaketi juu ya tairi.

"Tobi, hii ni mbuta."

"Mbuta gani?"

"Mafuta ya mbuta. Ni mimi." Akashika kichwa. "Ulisema isishike kutu. Mimi mtu wa ufuo, kitu cha chuma tunakingaje na kutu? Nikachemsha mafuta, nikaipaka yote usiku, mimi na dada zangu, mpaka chini ya milango. Asubuhi nikaipangusa ikang'aa. Yawa, nilikuwa naipenda hii gari."

Mnajua mimi ni mtu wa kutaja wenye makosa. Nilimtazama Ojwang, nikaitazama barabara nione kama kuna mtu mwingine wa kulaumu, hata Dan. Hakuna. Kulikuwa na mwanamke aliyekesha akiipaka gari yake mafuta kama mtoto mchanga, na fundi aliyekipitisha kitambaa kimoja chafu gari nzima akayasambaza yale mafuta vizuri zaidi.

Nikamwambia ukweli. "Mama, hii lazima itoke yote kabla haijakauka. Irudi chuma. Na rangi iliyobaki haitoshi."

"Itoke kwanza," akasema.

Ojwang akaufungua mtungi wake bila kuombwa. Nafikiri alitaka watu waendelee kuona vile thina yake ilivyo safi. Tukapangusa rangi mbichi kwa matambara mpaka tukawa kijani mpaka viwiko. Lakini thina peke yake ilikuwa inayahamisha mafuta ya mbuta, haiyamalizi. Ndipo Mama Awuor alivuka barabara akaenda kwa wanawake wanaokaanga samaki pale stendi. Nilimwona anaeleza kwa mikono. Nikawaona wanacheka, halafu nikawaona wanainua sufuria.

Walikuja sita, na maji yanayochemka, majivu ya jikoni na nyuzi za katani. Aliyewaongoza alikuwa Achieng', mrefu, ulimi wa wembe.

"Fundi," akaniambia, "wewe umeshindwa kuosha sufuria moja yenye magurudumu?"

"Mama, hii ni kazi ya ufundi."

"Hii ni mafuta ya mbuta. Mafuta ya mbuta ni mke mwenzangu, namjua miaka ishirini. Sogea."

Walisugua ile gari kama wanavyosugua karai la kukaangia. Majivu na maji moto, kisha sabuni ya unga, kisha maji tena. Kila mmoja alichukua kipande chake na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kipande cha mwenzake. Mimi niliwaonyesha kitu kimoja tu, ambacho nilikipata kwa Mzee Saidi: unamwaga maji safi kwa chuma, unatazama. Yakisimama matone matone, mafuta bado yapo. Yakilala kama shuka, chuma ni safi. Wakakigeuza kuwa mashindano.

"Yangu yamelala!"

"Yako yamelala wapi, si hayo yanakaa kama jasho la pua!"

"Njoo uone kwa macho, acha wivu."

Achieng' aliosha mlango wa kushoto mara tatu kwa sababu matone mawili yalikataa kulala. Jioni ile, wateja walipokuwa wanangoja na samaki hawajakaangwa, shuka la maji lilikuwa limelala kwenye gari nzima. Ojwang akaleta turubai kavu. Mama Awuor akaapa hataipaka kitu chochote, hata mate.

Ikabaki rangi. Nikaipima ndoo kwa mti, ikawa haifiki magurudumu. Nikamwambia kuna njia moja. Tuishushe rangi mpaka kiunoni mwa gari, na kuanzia hapo kwenda chini tupake nyeusi ya lami, ile ya kupaka chini ya lori, ambayo ni ya bei ndogo na inazuia mawe. Nilijua wateja wengine wangekataa. Yeye hakufikiri hata kidogo.

"Kama mtumbwi," akasema. "Mtumbwi si huwa hivyo? Chini lami, juu rangi."

Ijumaa asubuhi tulitazama ziwa; hakukuwa na moshi. Tukamwaga maji chini. Tukavuta uzi wenye chokaa kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, tukaupiga, ukaacha mstari mmoja ulionyooka. Nikavaa maski, ya kwanza nzuri niliyowahi kuvaa, niliyojinunulia mwenyewe nikiwa nimeshachelewa. Nilipuliza praima, ikalala bila tundu. Nikapuliza rangi. Kila nikimaliza upande nilikaa chini kwa ndoo iliyopinduliwa mpaka filimbi inyamaze, nikainuka tena. Mama Awuor alikuwa anasimama mbali anashika khanga mdomoni, anatazama kama rangi itafunguka. Haikufunguka. Kipande cha mwisho, mlango wa nyuma, bunduki ilianza kukohoa. Nikatia thina kidogo kwa kopo, nikasuuza mabaki, nikapuliza maji yale ya rangi, na yakatosha; chini ya mstari dada zake wakapaka lami. Ukisimama karibu unaona mlango wa nyuma umepauka kidogo kuliko mwingine. Simwambii mtu, lakini nyinyi nawaambia.

Jumamosi alinibeba niende naye Milimani, niwe shahidi. Nilivaa shati la kanisa. Geti likafunguliwa, tukaingia, na meneja akatoka na kalamu sikioni. Alifungua sanduku. Akaingiza mkono akapima baridi. Akainusa. Akatazama mifereji ya maji ya barafu, akagonga kuta kwa kidole. Akasema, "Jumatatu saa moja, kwa geti la nyuma." Akageuka aende zake.

Mimi sikuweza kunyamaza. "Na rangi, bwana?"

"Rangi gani?" akasema, akaingia ndani.

Nilikaa kwa gari nimefura. Niliwataja wote kimoyomoyo, na nikamwongeza yule meneja. Siku tatu, kifua changu cha mwisho, ndoo isiyopatikana tena duniani, na mtu hakuangalia! Mama Awuor alicheka kutoka Milimani mpaka barabara ya Busia. Alicheka mpaka akawa anafuta macho kwa ule mkono anaoshikia gia.

"Wewe unacheka nini?"

"Tobi, Jumatatu siendi kumtabasamia Dan. Nicheke ama nilie?"

Tulipofika Kisian hakunipeleka kwangu. Alisimama pale stendi, mbele ya makarai. Wanawake wakaacha samaki kwa mafuta wakaja wakipangusa mikono kwa aproni. Hawakuuliza meneja alisema nini. Waliona uso wake. Walianza kuizunguka gari, polepole, wakiinama, wakipapasa kwa migongo ya vidole ili wasiache alama.

"Hapa ni pangu," mmoja akasema. "Kutoka hii bawaba mpaka pale."

"Pako paishie hapo. Hii kona ni yangu."

Achieng' alisimama kwa mlango wa kushoto, mikono kiunoni. "Hata mtu asiye na macho ataona mlango huu ulioshwa na nani. Uangalieni. Huo ndio mlango."

Mteja mmoja wa samaki, mtu wa pikipiki, akasimama kutazama, akauliza gari nzuri namna hii imepakwa na fundi gani.

"Fundi?" Achieng' akasema. "Fundi wa nini? Gari hii tuliosha sisi."

Nilikuwa ndani nimekaa, dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Mama Awuor akanitazama kama atasema kitu. Nikamtingishia kichwa asiseme, nikawaacha waendelee kugawana gari.